Watukane kwa Hesabu

Ayinpoka alimkamata kanga wa tatu kabla jua halijapanda juu ya paa, akamfunga miguu kwa utepe wa nguo kuukuu, akamsukumia ndani ya kapu. Kanga ni ndege asiye na siri. Huyu alipiga mayowe mpaka Atubiga akatoka chumbani, shuka kiunoni, macho bado mazito.

"Na huyo naye anakwenda wapi?"

"Bolga, sokoni."

"Mama Lamisi, hao kanga walikuwa wanne. Wanne! Wiki ijayo mdogo wangu anakwenda kujitambulisha kwa wakwe zake. Apeleke nini sasa? Manyoya?"

"Nitawarudisha, Baba Lamisi."

"Ulisema hivyo hivyo ulipomchukua wa kwanza."

Atubiga hakuwa mtu wa shari. Alikuwa amechoka tu, na aliyechoka ana haki ya kunung'unika nyumbani kwake. Mkewe alikuwa meneja na mweka hazina wa Nyumba ya Sanaa ya Wanawake wa Gambisi, cheo kirefu kuliko mshahara wake, na hata huo mshahara haukuwa umefika nyumbani kwa miezi saba. Badala yake vitu vya nyumbani ndivyo vilivyokuwa vikielekea huko. Kanga wa kwanza alilipa umeme. Wa pili alinunua udongo wa kufinyangia wanafunzi. Huyu wa tatu alikuwa anakwenda kulipia uchapaji wa taarifa ya hesabu, yaani anauzwa ili iandikwe vizuri kwenye karatasi nyeupe kwamba nyumba haina pesa.

"Unauza kuku wangu kumlisha ng'ombe wa watu wa Accra," Atubiga alisema.

"Ni kanga, si kuku."

"Nakwambia jambo la maana, wewe unanirekebisha ndege."

Alicheka mwenyewe, kwa uchungu, akarudi ndani. Ayinpoka akabeba kapu kichwani. Alipofika barabarani alijikuta anafuta machozi kwa ncha ya kitambaa, naye hakuwa mwepesi wa kulia.

Barua kutoka Accra ilikuwa ya kurasa mbili, ila maana yake ingeweza kuandikwa kwenye kiganja. Nyumba ya Sanaa ilitumia sedi elfu arobaini na tano kwa mwaka. Shirika la huko Accra lilitoa elfu thelathini, na iliyobaki ilitoka kwenye vyungu, vikapu na vitanda vya wageni, ambao mwaka huo walikuja kwa kuhesabika. Sasa shirika lilitaka kuona kwamba wenyeji nao wanachangia, na mchango wao usipungue theluthi moja ya bajeti: sedi elfu kumi na tano. Mchango huo usipoonekana, ruzuku ingesimama, milango ifungwe, na tanuri la vyungu, cherehani mbili na vifaa vyote vya rangi vibebwe vipelekwe kwingine. Mkaguzi angefika Jumatano.

Kwenye daftari la Ayinpoka kulikuwa na ukurasa wenye kichwa cha habari, Michango ya Wenyeji. Chini yake palikuwa na mstari mmoja tu. Sedi mia tatu na kumi, zilizotiwa kwenye kibuyu na walimu wa shule siku ya ngoma.

*

Jumatatu aliwaita wanawake uani. Walikuja kama ishirini, wengine na watoto mgongoni, wakaketi chini ya ukuta wa chumba kikubwa, ule uliokuwa umeoshwa na mvua za mwaka uliopita mpaka michoro yake imebaki kama ndoto ya mtu mwingine. Ayinpoka aliwaeleza barua yote, hakuficha kitu. Mwisho akasema kila mmoja akitoa sedi ishirini, itakuwa pa kuanzia.

Aliyejibu ni Teni, muuza pombe ya mtama, mwanamke mwenye ulimi usiolala.

"Ishirini? Shoga yangu, ningekuwa na ishirini leo, ungeniona hapa nimekaa na wewe?"

Wakacheka, lakini kicheko kilikufa haraka. Mama mmoja alifungua fundo la kitambaa chake, akatoa noti ya sedi mbili iliyokunjwa ikawa ndogo kama punje ya mahindi, akamnyooshea bila kumtazama usoni. Ayinpoka aliipokea kwa mikono miwili. Alitamani ardhi immeze. Alijua zile sedi mbili zilikuwa chumvi ya wiki nzima.

"Basi niruhusuni jambo moja," alisema. "Jumatano tunaanza kukandika ukuta. Mtaleta udongo, maji, mavi ya ng'ombe, chakula. Mtafanya kazi siku tatu. Nitaweka alama tu kwenye karatasi. Kapu moja, alama moja. Mtu mmoja, alama..."

"Nyamaza," akasema Bibi Lariba.

Hakupaza sauti. Bibi Lariba alikuwa na umri ambao hakuna aliyeujua, na mikono yake ndiyo iliyochora kuta zote za Gambisi zenye jina. Ayinpoka alinyamaza hapo hapo.

"Mama yako alipokufa," bibi alisema, "tulikuja kuikandika nyumba yake ya mwisho au hatukuja?"

"Mlikuja, Bibi."

"Tulikuwa wangapi?"

"Sijui, Bibi."

"Hujui kwa sababu wewe ni mtoto wa watu. Anayehesabu kapu la mwenzake anamwambia nitakulipa, tuachane. Na anayehesabu vichwa vya watu anamwonyesha kifo pa kuanzia. Wewe unataka tuachane, au unataka kutuzika?"

Hakuna aliyecheka. Kwetu ndivyo ilivyo, na Ayinpoka alilijua hilo kabla hajajua kusoma. Ndiyo maana kwa miaka kumi na moja ule ukurasa aliuacha karibu mtupu, tena kwa fahari. Kila mwaka wanawake walikuja, wakaukandika ukuta, wakauchora, wakaenda zao, naye akaona heshima kubwa kutoandika hata neno. Mpaka barua ilipofika hakuwahi kufikiri kwamba mtu wa mbali, akiusoma utupu ule, ataona utupu tu.

*

Mkaguzi aliitwa Bwana Yelpaala. Alifika saa mbili asubuhi kwa pikipiki, shati jeupe limepigwa pasi mpaka mikunjo imesimama, kalamu tatu mfukoni. Alikataa kiti chenye mto, akakaa kwenye stuli, akafungua daftari, akaanza kusoma kuanzia ukurasa wa kwanza kama mtu aliyelipwa kwa kila mstari. Nje wanawake walikuwa wanamiminika. Ngurumo ya vishindo vyao vya kukanyaga udongo ilisikika hadi ofisini.

"Mama, hesabu zako ni safi," alisema baada ya saa nzima. "Nimekagua nyumba kubwa kuliko hii zenye daftari chafu. Hakuna sedi iliyopotea."

"Ahsante, bwana."

"Lakini nyumba inakufa. Vyungu haviuziki. Umeme mmelipa kwa kuchelewa mara nne. Wewe mwenyewe hujajilipa tangu Julai, na sijui unakula nini." Akageuza karatasi. "Na hapa. Mia tatu na kumi. Walimu wapo, tanuri lipo, wanafunzi wapo. Wenye nyumba ndio siwaoni."

Neno hilo lilimchoma Ayinpoka kuliko matusi. Alinyoosha mkono dirishani. "Wale pale, bwana."

Yelpaala alichungulia. "Wafanyakazi? Mnawalipa kiasi gani kwa siku?"

"Hatuwalipi."

"Wako wangapi?"

"Sijui."

"Hujui? Mweka hazina?"

"Hatuhesabu. Ni mwiko."

Mkaguzi alishusha pumzi. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomvunja Ayinpoka moyo zaidi, kwa maana ukatili ungempa angalau mtu wa kumchukia. "Mama yangu, fomu yangu ina mahali pa tarakimu. Haina mahali pa mwiko. Nisipopata theluthi, nitajaza ile fomu nyingine."

Aliitoa hiyo nyingine kwenye mkoba, akaiweka mezani. Ilikuwa ya kufunga.

Mgeni hawezi kuondoka bila maji, hata kama amekuja kukufungia mlango. Ayinpoka alimtoa uani, akamletea maji ya unga wa uwele kwenye kibuyu. Teni, tope hadi magotini, akasogea kumsabahi.

"Karibu, baba. Nyumbani ni wapi?"

"Jirapa."

Teni alisimama wima. "Umesema wapi?"

"Jirapa."

"Mdagaaba!" Teni alipiga kelele mpaka watoto wakaamka migongoni. "Jamani, njooni! Mdagaaba ameingia uani kwetu kwa miguu yake mwenyewe!"

Kati ya sisi Wafrafra na Wadagaaba kuna utani ambao hakuna anayekumbuka ulianza lini. Ugomvi wenyewe ni juu ya mbwa aliyechinjwa zamani na nani aliyekula kichwa chake, na kila upande una ushahidi. Mtani wako anaweza kukunyang'anya kofia sokoni, na ukikasirika wewe ndiye mjinga. Msibani hulala kwenye mkeka wa marehemu na kudai alipwe ndipo ainuke. Lile ambalo ndugu wa damu hathubutu kulitamka, yeye hulitamka mbele ya watu wote, na familia hucheka huku inalia.

Kufumba na kufumbua, ufunguo wa pikipiki ulikuwa kifuani mwa Teni, ndani ya nguo, mahali ambapo hakuna mkaguzi angeufuata.

"Huondoki mpaka utulipe kichwa chetu cha mbwa!"

Ajabu ni kwamba yule mtu wa kalamu tatu alibadilika pale pale, kama aliyevua koti. "Kichwa mlikila nyinyi," alisema. "Tazama mlivyo wanene. Na huyu bibi hapa, mbwa mwenyewe akimwona angedhani ni mama yake."

Alikuwa anamwonyesha Bibi Lariba. Mtu mwingine yeyote angesema hayo, angefukuzwa kijijini. Bibi Lariba alicheka, akacheka, akalazimika kuketi juu ya kinu kwa kukosa pumzi.

Ayinpoka alikuwa anatazama. Na wazo lilimjia ghafla, likamtisha, kwa sababu lilikuwa baya na lilikuwa zuri kwa wakati mmoja. Alimsogelea mkaguzi, akamnong'oneza.

"Bwana Yelpaala. Tukana tena."

"Mama?"

"Watukane. Lakini watukane kwa hesabu."

Hakuelewa. Halafu akaelewa, na uso ukamwiva. "Unataka mimi nihesabu watu?"

"Mimi nikifanya hivyo ni laana. Wewe ni mtani."

"Nimwombe yule bibi ruhusa kwanza?"

"Mtani haombi ruhusa. Ukiomba umeshakuwa mgeni."

Yelpaala alikuwa amezaliwa Jirapa, alijua vizuri anachoambiwa na kinavyoweza kuharibika. Kisha akakigeuza kinu kimoja, akapanda juu yake na viatu vyake vya ngozi, akanyoosha kalamu hadi ikaelekea paji la uso la Bibi Lariba, akapiga ukelele.

"Mla kichwa cha mbwa wa kwanza! Mmoja!"

Mikono ilisimama ndani ya udongo. Maji yalisikika yakidondoka kutoka kwenye beseni la mtu. Ayinpoka alifumba macho, akamwomba Mungu na mizimu ya baba yake kwa pamoja.

Bibi Lariba aliinuka polepole. Aliinama, akachota tope kiganja kizima, akalirusha. Likatua katikati ya lile shati jeupe.

"Nani alikufundisha kuhesabu, Mdagaaba wewe? Kwenu si mnaishia kwenye vidole vya mguu mmoja?"

Kicheko kilichopasuka hapo kilisikika hadi barabara kuu. Na Yelpaala, tope likimchuruzika, akaandika alama ya kwanza.

*

Tangu siku ile nimewasikia watu wakieleza namna nyingi jinsi hesabu ile ilivyokwenda, na kila mmoja anaongeza chumvi. Ukweli wenyewe hauhitaji chumvi. Kila mwanamke aliyeingia langoni na mzigo alipata tusi lake na alama yake. "Wa thelathini na mbili, mwenye miguu ya korongo, beseni moja la maji! Wa thelathini na tatu, huyu sura yake inatisha, makapu mawili ya udongo mwekundu!" Wengine walianza kupita mbele yake makusudi, wakajipamba kwa majani, wapate tusi lililonona. Teni alijaribu kupita mara mbili na beseni lile lile.

"Wewe nimeshakuandika, mwizi!"

"Mimi ni pacha."

"Pacha wako naye ana ufunguo wangu kifuani?"

Hakumwandika mara ya pili. Kazi ilikuwa kazi. Alama ya uongo haikuingia kwenye karatasi zile hata moja. Aliuliza bei ya kibarua wa kukandika Bolga: sedi themanini kwa siku. Aliuliza bei ya beseni la maji, la mavi ya ng'ombe, la mawe meusi na meupe yanayochimbwa mlimani na kusagwa yawe rangi. Aliandika maganda ya mti wa dawadawa yanayochemshwa siku nzima mpaka maji yake yawe mekundu, yale ambayo hunyunyizwa mwisho ili mvua isiusumbue ukuta. Aliandika kila chungu cha maharage na kila bakuli la unga lililoletwa kulisha wakandikaji. Ayinpoka hakushika kalamu. Alibeba maji kama wenzake, naye akaandikwa: wa themanini na saba, mwenye funguo nyingi na pesa hana.

Siku ya pili, mchana, Atubiga alikuja na mkokoteni wa punda. Alikuwa amekuja kugomba. Mdogo wake alikuwa amemlilia asubuhi yote juu ya kanga, na uvumi ulikuwa umemfikia kwamba mkewe amemruhusu mwanamume wa kigeni ahesabu wanawake wa watu. Lakini njiani alikuwa amekutana na wanawake watatu wazee wenye mabeseni, na mtu aliyelelewa vizuri hawezi kupita na mkokoteni mtupu. Aliingia langoni na madumu kumi na mawili.

"Mume wa meneja!" Yelpaala alinguruma. "Kichwa cha mbwa kimekushinda kutafuna? Maji, madumu kumi na mawili!"

"Mimi sikuleta kitu, nilikuwa napita tu," alisema Atubiga, kwa haya.

"Basi pita tena," Teni akamwambia.

Akapita tena. Alipita mara tisa hadi jioni, na mkewe alipompa maji ya kunywa hakusema lolote kuhusu kanga. Alisimama akiutazama ukuta. "Mama Lamisi," alisema mwishowe kwa sauti ndogo, "sijawahi kuja siku ya kazi. Kila mwaka naukuta umekwisha."

Maana ukuta ulikuwa unazaliwa. Wekundu ulikuwa umeenea upande wote wa chumba kikubwa, hatua arobaini bila ufa, umesuguliwa kwa mawe laini ya mtoni mpaka unang'aa. Wanawake hamsini walikuwa wameuegemea kwa viganja, bega kwa bega, wakiimba, na mikono ilikwenda na kurudi pamoja kana kwamba ni ya mtu mmoja. Hakuna aliyetoa amri. Mahali palipokauka, mkono ulifika na maji. Mahali palipopasuka, mkono mwingine ulikuwa umeshafika.

Siku ya tatu Bibi Lariba alisimama peke yake mbele ya wekundu ule. Hakupima kwa kamba wala kwa kijiti. Alichovya unyoya kwenye rangi nyeusi, akaugusa ukuta juu ya mlango, akaanza kutembea, na nyuma ya mkono wake chatu akatokea. Bibi alizunguka chumba chote akimchora. Alipotea nyuma ya nyumba, wanawake wakaacha kuimba, na kwa muda mrefu kilichosikika ni pumzi za watu tu. Kisha akatokea upande wa pili, amechoka, anaegemea ukuta kwa bega, na ule mstari ukarudi mlangoni ukagusana na mwanzo wake, mkia na kichwa, bila tofauti hata ya upana wa kidole.

Yelpaala alikuwa ameacha kuandika. Alikuwa ameshuka kwenye kinu na kuvua viatu, hajui amevua saa ngapi.

"Hii nitaiandika kiasi gani?" alimuuliza Ayinpoka.

"Mimi nakuuliza wewe."

Alifikiri. "Siku tatu za kibarua," alisema. "Mungu anisamehe."

*

Kwetu mapaa ni bapa na hupandwa kwa ngazi ya gogo. Jioni ya siku ya tatu Yelpaala alipanda juu ya paa la ofisi, maana huko ndiko simu inakoshika, akamwita Ayinpoka. Alikuwa amejumlisha. Akampa karatasi.

Siku za kazi, mia mbili sabini na saba: sedi elfu ishirini na mbili, mia moja na sitini. Maji, elfu mbili mia mbili na themanini. Udongo na mawe ya rangi, elfu moja mia tano na sitini. Mavi ya ng'ombe, mia sita na thelathini. Maganda ya dawadawa, mia tisa na hamsini. Chakula, elfu mbili na mia tisa. Ayinpoka alisoma hadi chini, akarudi juu, akajumlisha mwenyewe kwa kidole juu ya paja, kisha akajumlisha tena. Alikuwa mweka hazina wa miaka kumi na moja na hajawahi kukosea kujumlisha.

"Elfu thelathini, mia nne na themanini," alisema. Sauti yake aliisikia kwa mbali.

"Kwa siku tatu."

"Accra mnatoa..."

"Elfu thelathini. Mmetupita kwa mia nne na themanini, mama. Na hapo kanga wako sijawaandika, ingawa mumeo ameniambia habari zao."

Ayinpoka aliketi kwenye ukingo wa paa. Yelpaala akapiga simu, akasimama akiongea na mkubwa wake huku shati lake, ambalo halikuwa jeupe tena, likipepea. Alisoma tarakimu. Alinyamaza akisikiliza. Sauti ya Accra ilikuwa kubwa kiasi kwamba Ayinpoka aliisikia vizuri.

"Huyo mfadhili wa elfu thelathini ni nani? Kwa nini miaka yote hamjamtaja?"

"Ni wengi, mkuu. Wamenirushia matope."

"Unasema?"

"Nasema ushahidi ninao, mstari kwa mstari. Nimehesabu mwenyewe."

Mkubwa akasema: "Jaza fomu ya kuendelea. Iwe mezani kwangu Jumatatu."

Yelpaala alikata simu, akaitoa mkobani ile fomu ya kufunga, akaichana vipande vinne. Aliendelea kusema, kitu kuhusu saini na nakala, lakini Ayinpoka alikuwa hasikii. Alikuwa anatazama chini uani. Wanawake walikuwa wananawa mikono kwa zamu kwenye beseni moja. Mmoja alimkwangua mwenzake tope sikioni. Mwingine alikuwa ananyonyesha, ameegemea mti, amesinzia. Hakuna aliyeangalia juu ya paa. Hakuna aliyekuwa anangoja jumla.

Miaka kumi na moja alikuwa amelala na kuamka akiamini kwamba amewabeba watu hawa. Aliwahurumia. Aliuza kanga wa mume wake kwa ajili yao. Sasa karatasi ilikuwa mkononi mwake na alikuwa na haya na furaha, na juu ya vyote hofu njema, ile inayompata mtu anaposimama mbele ya kitu kikubwa ambacho kimekuwa kikimpikia uji kila siku.

Alishuka kwa ngazi ya gogo, akavuka uani hadi mbele ya Bibi Lariba, akachutama. Hakuchutama kwa salamu ya kawaida. Alichutama chini kabisa, viwiko vikagusa vumbi, kama mbele ya chifu, na hakuinuka.

"Kuna nini?" Teni akashtuka. "Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa," Ayinpoka alisema akitazama ardhi. "Bibi, imetoka jumla. Imetoka..."

"Usinitajie." Bibi Lariba alikuwa anajifuta viganja kwenye kitambaa. "Tunaendelea au tunafungwa?"

"Tunaendelea."

"Hilo ndilo letu. Hilo jingine mwachie yule mla mbwa juu ya paa."

Wanawake wakaguna kukubali, wakaanza kukusanya mabeseni yao. Ayinpoka bado alikuwa chini, machozi yakidondoka vumbini, hataki kuinua uso. Bibi Lariba akamgusa bega kwa kidole chenye rangi nyeusi.

"Inuka, mwanangu, tupishe njia. Jua limekwenda, na kila mmoja wetu ana watu wa kuwapikia."